Mbwa Mwitu wa Shaba

Mimi ni mwalimu wa historia, na kila mwaka nawaonya wanafunzi kwamba vitu vya kale havichezewi. Nasema kwa sauti nzito, kidole juu. Sasa nisikilizeni mimi huyo huyo.

Mwalimu aliyenifundisha historia anaishi Kikuyu, mtaa wa pili hapa mjini kwetu. Alistaafu zamani, macho yakazimika, na baadaye padri mmoja akamzawadia sarafu ya shaba ya Warumi wa kale. Upande mmoja ilikuwa na kichwa chenye kofia ya vita. Upande wa pili, mbwa mwitu jike akinyonyesha watoto wawili wa binadamu. Niliiazima niwaonyeshe wanafunzi. Aliitoa mfukoni mwa shati, akaipapasa kwa kidole gumba, ndipo akanipa. Aliniomba niirudishe kabla ya Jumapili, maana hajazoea kukaa bila hiyo.

Darasani nilitamba weee. Ila sarafu ilikuwa nyeusi, ina ukoko wa kijani, na mama yangu alinilea kwamba chombo cha watu hakirudi kichafu, wala hakirudi kitupu. Basi Jumamosi nikakaa uani kwangu, mtaa wa Makole, na majivu, limau na waya wa kusugulia masufuria. Mke wangu aliniuliza kama nina hakika. Nikamuuliza mwalimu wa historia humu ndani ni nani. Nikasugua mpaka ikang'aa, nikaiweka kwenye kibakuli pamoja na zabibu za soko la Majengo, nikaenda kwa mwalimu wangu kifua mbele.

Nilimwamkia, akaitikia akicheka. Kidole gumba kikazunguka juu ya sarafu. Akaigeuza. Kikazunguka tena, polepole.

"Mbwa mwitu yuko wapi?"

Nikasema nimeisafisha. Mjinga mimi, tena mjinga mwenye shahada! Akanieleza kwa upole kwamba tangu macho yazimike, hiyo ndiyo picha pekee aliyoweza kuitazama. Afadhali angenichapa kama zamani.

"Kuna kitu kidole hakikuwahi kunionyesha vizuri," akasema. "Wewe ndiye uliyemwona mwisho, mwanangu. Alikuwa amewageukia watoto, au anatazama mbele?"

Nilikaa na ile sarafu siku nne nzima, na nilichokitazama ni uchafu tu.