Damu ya Kuku wa Mgeni

Nilipiga kelele, maabara nzima ikageuka. Kwenye kompyuta yangu, vinasaba vya mdudu niliyemtoa katika damu ya kuku wa mama havikulingana na vya mdudu yeyote aliyewahi kuandikwa. Herufi sita za vinasaba hivyo zilikuwa tofauti. Sita! Nilikuwa nimedunga mabawa ya ndege kutoa damu kuanzia Kagio hadi Nanyuki, kumbe niliyemtafuta yuko kwetu Kiriaini, kwa kuku anayechakura nyuma ya jiko.

Mdudu huyo haonekani kwa macho. Huishi ndani ya damu ya ndege, akihamishwa na visubi, vile vijinzi vidogo vyeusi vinavyouma na kuzaliana kwenye maji ya kasi. Chini ya shamba la mama kuna mto wa namna hiyo. Kuku wake wote walikuwa wamekufa, akabaki huyu mmoja mwekundu, ana mdudu damuni na bado anataga.

Msimamizi wangu wa maabara, mwanamke mkali, hakufurahi hata kidogo. "Huo ni uchafu wa maabara," alisema. "Niletee damu mpya ya kuku yuleyule, siku tatu mfululizo, maana wadudu hawa hujificha. Nitapima mwenyewe. Nisipowaona, unafuta matokeo yako."

Nikampigia mama simu mbio mbio. "Mama, huyo kuku asiguswe!"

"Ati nini? Mjomba wako yuko njiani. Ndugu yangu atoke magharibi kote huko, nimpe maharagwe? Unataka niaibike?" Akakata.

Sijui nilifikaje Kiriaini. Kuku alikuwa amefungwa mguu mlangoni, maji ya kumnyonyolea yanachemka, mjomba yuko kitini anakunywa chai. Kwetu mgeni bila kuku hajapokelewa, na firigisi ni ya kaka wa mama. Nililijua hilo tangu utotoni, lakini nilipiga magoti kando ya kuku nikaanza kueleza, maneno yanagongana.

"Toa hiyo damu yako sasa hivi, halafu nichinje," mama alisema.

"Siku tatu, mama. Tafadhali."

Mjomba aliweka kikombe chini. "Huyo mdudu ndiye alimaliza kuku zetu kule nyumbani?"

"Sijui, mjomba. Hiyo ndiyo nataka kujua."

Akainama, akafungua kamba mwenyewe. "Dada, leta hayo maharagwe."

Mama aliingia jikoni. Nilimwona akifuta macho kwa kanga, nikaona haya sana. Jioni ile alimwandalia kaka yake githeri, yale maharagwe yaliyochemshwa na mahindi, bila kumtazama usoni, naye mjomba akala sahani mbili, akaomba ya tatu.

Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, mjomba ndiye aliyemshika kuku. Alimkumbatia kwapani, akalifungua bawa, nami nikadunga mshipa na kudondosha damu kwenye karatasi. "Pole pole, wewe! Unamuumiza," alikuwa akinikemea.

Msimamizi alipima damu ya Jumamosi. Hakuna kitu. Ya Jumapili, hakuna kitu. Nilitoka nje nikasimama barabarani. Aliponiita ndani, alikuwa amesimama mbele ya kompyuta, miwani kaiweka kichwani. Damu ya Jumatatu ilikuwa na herufi zilezile sita. "Haya basi, piga kelele," aliniambia, na wallahi nilipiga.

Mama ndiye niliyempigia kwanza. Alishukuru Mungu, kisha akasema kwa ukali, "Sasa mweleze mjomba wako kwa nini dada yake alimrudisha nyumbani bila kuku. Mimi siwezi."

Nikampigia huku natafuta maneno ya kuomba msamaha. Hakuningoja. "Ameonekana?"

"Ameonekana, mjomba! Ni ile damu ya mwisho!"

Nikamsikia akiwatangazia watu kwa sauti, kisha akarudi kwenye simu. "Sikia. Nimewakataza majirani watatu wasichinjie wageni wao kuku waliosalia, mpaka uwatoe damu. Wamenikasirikia vibaya sana. Unakuja lini?"