Tulivyokwenda Kericho Kununua Bastola

Ninyi wa nyumbani kando ya ziwa mmeuliza kwa nini nilikwenda Kericho kwa miguu wakati wa mvua. Sababu ni woga. Bwana Jiwa, Mhindi mwenye duka hapa Kimulot ambaye mimi ni karani wake, alisikia kwamba mwenye duka mwenzake amevamiwa njiani na kupigwa. Tangu hapo alikuwa akishtuka hata mlango ukilia. Akaomba kibali cha Bwana DC, akakipata.

"Ochieng', wewe unajua lugha ya hawa watu," akaniambia. "Twende tununue bastola. Ile ndogo, mtu asiione."

Nilikubali mdomoni tu. Mwafrika akikutwa na bastola, hata kama ni ya tajiri wake, jela inamngoja. Na mizigo nilijua atabeba nani.

Siku ya kwanza tulifika kwa Arap Chumo, Mkipsigis tunayemnunulia mahindi. Boma lake lina msitu mbele na nyuma. Kwake, kila mgeni huacha mlangoni alichoshika, mkuki au rungu, kando ya mkuki wa mwenyeji. Bwana Jiwa hakuwa na kitu, akaacha mwavuli. Arap Chumo aliupokea kwa heshima zote, akausimamisha karibu na mkuki wake.

Asubuhi alituvusha msitu yeye mwenyewe, tukicheka njia nzima, mpaka mashamba ya chai yalipoanza kuonekana.

"Mkirudi," alisema, "nitawapeleka mpaka dukani kwenu."

Kericho, mwenye duka la bunduki alitoa bastola mbili. Ya kwanza ilikuwa nene, ya kuzungusha risasi. "Hii haikwami," alisema. Bwana Jiwa akaitia mfukoni, akatembea mpaka mlangoni.

"Ochieng', inaonekana?"

"Inaonekana, Bwana. Koti limelala upande kama punda aliyepakiwa vibaya."

Ya pili ilikuwa bapa, ndogo kama kiganja. Mwenye duka alionya kwamba inataka kusafishwa mara kwa mara, maana vumbi huikwamisha. Bwana Jiwa alitembea nayo tena. Nilitazama mfuko, nikatazama tena, sikuona kitu. Akaichukua hiyo.

Njiani kurudi jua lilichomoza kati ya mvua mbili. Bwana Jiwa akaona joto, akavua koti na kunirushia. "Shika." Basi nikalibeba, bastola ikiwa ndani. Kila nyapara tuliyepishana naye aliponisalimu, nilijibu huku nikilikumbatia koti. Nilimkasirikia Bwana Jiwa, sikuthubutu kusema.

Tulifika kwa Arap Chumo tumelowa. Bwana Jiwa akaacha mwavuli mlangoni, kama mara ya kwanza, akaingia. Mama wa nyumba akapokea koti mikononi mwangu alitundike juu ya moto likauke.

"Mama, tafadhali, si karibu na moto," nikasema.

"Kwa nini?"

Nikamtazama Bwana Jiwa. Yeye alitazama chini.

"Kuna risasi ndani."

Arap Chumo hakupaza sauti. Alingoja Bwana Jiwa aitoe bastola kotini, akaiweke mlangoni.

"Mkuki yangu iko hapo, kila mtu anaona," akasema. "Yako ulificha, Pwana, ukaniachia mwavuli."

"Ni ya wezi, mzee. Si yako."

"Mimi nitajua aje?"

Hatukunyimwa kitu. Tulipewa mursik, maziwa yao ya kugandishwa kibuyuni, na mahali penye joto. Lakini asubuhi Arap Chumo alikwenda kukamua, na alipomaliza hakuchukua mkuki.

"Mzee, ulisema utatupeleka mpaka dukani," nikamkumbusha.

"Nilisema wakati mlikuwa na mwavuli," akajibu. "Sasa mko na bunduki yenu. Njia ni ile."

Msituni nilitangulia mimi. Bwana Jiwa alinifuata, mkono mfukoni, na kila tawi lilipovunjika nilisikia nyayo zake zikisimama nyuma yangu. Nilikuwa nikiongea kwa sauti muda wote ili asisahau kwamba aliye mbele yake ni mimi, si mwizi.

Hakuna aliyetugusa, tulifika salama. Nilichojifunza ni hiki: tulitafuta ulinzi Kericho tukaupoteza kwa Arap Chumo. Wezi sikuwaona kabisa. Katika msitu ule niliogopa mtu mmoja tu, na jioni ile nilimfungulia mlango wa duka lake.