Kengele ya Makarius na Mikono ya Mkwe

Kwa miaka mingi kijiji cha Mabwerebwere kimeamshwa Jumapili na mikono ya Makarius, mpiga kengele wa kanisa. Kamba imemchonga viganja na kumpindisha bega, na mlio wa kengele ile ya zamani una huzuni ambayo mpigaji wake hana kabisa. Yeye ni mtu wa ugali na vicheko.

Mwaka huu alivuta kamba akaona nyota mchana. Nesi Imani wa zahanati akampima presha, akatikisa kichwa. Mchungaji akaamua kwamba atapimwa tena baada ya kupiga kengele, na presha ikipanda vile, kamba ataiacha. Tayari Ditram, kiongozi wa vijana, alikuwa amepakua mlio wa kengele kwenye simu.

"Babu, mlio huu una hadi mwangwi!"

"Nikifa usinizike kwa simu," alisema Makarius. "Katikati ya maombi atapiga mtu kuulizia bei ya vitunguu."

Nesi alimpa vidonge, akamshauri pia atafute mtu wa kumkanda. "Mgongo wako umekaza kama gogo, babu. Pengine ukilegea, kazi haitakupandisha sana."

Mkandaji hodari alikuwa mmoja tu: Bibiana, mama mzazi wa mke wa mwanawe. Na kwa watu wa milimani, mkwe haonyeshwi hata fulana, sembuse mgongo.

Makarius akaenda kukandwa amevaa suti ya Pasaka na tai. Akalala kifudifudi mkekani. Bibiana akakanda huku ametazama ukutani.

"Mkwe, mnisamehe, nafika begani."

"Fikeni, mkwe."

"Sasa nahamia mbavuni."

"Karibuni sana."

"Mnaumia?"

"Hapana, mkwe. Ila tai inaninyonga."

Wakaendelea hivyo kila Jumamosi, kwa adabu na jasho.

Siku ya kipimo ikafika. Makarius alipiga kengele, akaketi kwenye benchi nje ya kanisa, na Nesi akamfunga mkanda wa kipimo mkononi.

"Usiongee, babu. Usisogee."

Mara Bibiana akaja kusikia matokeo. Makarius akaruka wima kumpisha mkwe wake, mashine ikining'inia kiwikoni kama kikapu cha sokoni. Namba zilizotokea zilimfanya Ditram aanze kupandisha sauti ya simu.

"Babu, kaa!" alisema Nesi.

"Nikae, mkwe wangu amesimama?"

"Basi mama, kaa wewe."

"Nikae mbele ya mkwe? Mwanangu, umelelewa wapi?"

Nesi alishika kiuno. Kisha akampeleka Bibiana nyuma ya mnara, akamwacha Makarius apumzike vizuri, akamwamuru apige kengele upya. Saa haikuwa ya ibada, kwa hiyo watu wakaja mbio, kanga zimefungwa ovyo.

"Nani kafa?"

"Hakuna!" Bibiana alijibu kutoka mafichoni. "Ni presha tu!"

Mkanda ukajaa upepo, ukapungua. Presha ilikuwa imepanda, kama ya mtu yeyote aliyefanya kazi, lakini si kama ile ya kwanza. Na baada ya muda ikashuka yenyewe.

"Kamba ni yako, babu," alisema Nesi. "Vidonge usiache. Na kukandwa uendelee."

Ditram akaizima simu. Makarius alijifuta macho kwa tai, akageukia mnara.

"Mkwe, mmesikia?"

"Nimesikia, mkwe. Jumamosi mje na suti nyepesi. Hiyo imenimaliza vidole."