Redio ya Zadock

Redio ilipozimika, Beldina hakushtuka. Alidhani ni uchovu tu, kama wa mtu, itapumzika, itaamka. Ilikuwa redio ya kabati, ya mbao nyekundu, iliyomfika kiunoni. Mumewe Zadock aliinunua walipooana, alipokuwa akifanya kazi bandarini. Sasa Zadock alikuwa na miaka minne kaburini, na redio ilibaki sebuleni kwao, mtaa wa Migosi, Kisumu, imefunikwa kitambaa cheupe alichokishona Beldina mwenyewe. Kila jioni, saa ya matangazo ya vifo, majirani waliingia bila hodi, wakakaa kimya kila mmoja akisikiliza kama kuna jina la kwao. Lisipotajwa, walishusha pumzi, wakaulizana kama bei ya omena, dagaa wa ziwani, imeshuka, wakaenda zao.

Ilipozimika, Beldina alikichukua kimya chake kuwa habari njema. Asiposikia mtu amekufa, basi hakuna aliyekufa.

Mwezi wa nne, huko kwao Asembo, shangazi yake Amolo akafa. Ndiye aliyemlea. Ndugu zake hawakutuma mtu Kisumu. Watume mtu wa nini? Walikuwa wametangaza redioni siku tatu mfululizo, na kati ya walioachwa jina lake lilisomwa waziwazi: Beldina wa Kisumu. Asembo nzima ilisikia. Asembo nzima ilimwangalia njiani mpaka jeneza likashuka, na hakuonekana.

Habari alizipata sokoni, kwa mwanamke aliyempa pole iliyochelewa wiki tatu. Akaenda. Kwao mtu aliyechelewa msiba huanzia kaburini kabla ya kuingia nyumba yoyote, kwa hiyo alisimama pale akalia peke yake, udongo umeshapasuka kwa jua, wake wa kaka zake wakiendelea kuchambua mboga. Mmoja wao, Awuor, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mgeni wa mjini amefika. Kumbe huko Kisumu redio ni ya kuwekea vitambaa."

Beldina alimwona mama yake kwa dakika chache tu, mzee hainuki kitandani bila kushikwa, kisha aibu ikamtoa mbio. Tangu siku ile, mtu akipita dirishani kwa haraka, moyo ulimruka. Jioni alikwenda kwa jirani yake Dorca, mwenye redio ndogo ya betri. Lakini betri za Dorca zilikuwa na siku zake, na mumewe alipenda mpira kuliko maiti za watu.

Ndipo akamwita Wepukhulu, fundi wa redio wa pale Mamboleo.

Wepukhulu alikitoa kitambaa, akafungua ubao wa nyuma, akachungulia kwa muda mrefu. "Mama Elsie, humu kuna ukoo mzima wa panya."

"Na redio iko?"

"Redio ilikuwepo." Akachomoa taa moja ya kioo iliyoungua, nyeusi kama chungu. "Hizi zimekwisha nne. Hapa Kisumu hakuna mtu anaziuza tena. Nikutafutie Nairobi, mwezi, labda miwili. Na nikizipata, sikuahidi itaongea mpaka Krismasi."

"Itaongea hata kidogo?"

"Kidogo, ndiyo. Kama mzee aliyeng'oka meno." Aligonga mbao kwa kifundo cha kidole. "Lakini hii mbao, wallahi, hawatengenezi tena hivi. Mimi ningetoa haya matumbo yote, niweke rafu mbili, mbele nikutilie kioo. Uwe na kabati la mandazi."

Elsie, binti yake wa kidato cha pili, aliinua kichwa kutoka kwenye vitabu. Mandazi ndiyo yaliyokuwa yakiwaweka mjini. Beldina aliyauza njia panda ya Mamboleo, ndani ya beseni lililofunikwa karatasi ya nailoni, na juzi askari wa kanjo, wale wa baraza la mji, walimmwagia beseni zima mchangani, wakasema wakimkuta tena bila kabati la kioo watamchukua yeye pamoja na mandazi yake.

"Mama, afanye hilo," Elsie akasema.

"Wewe soma."

"Nasoma. Lakini afanye."

"Na nyanya yako, Dani wako, akifa, nitasikia wapi? Nisimame tena kaburini kama mwizi?"

Wepukhulu akajishughulisha na bisibisi yake. Elsie alikuwa mtoto wa kujibu polepole, na alipojibu, hakuinua sauti.

"Mama, hiyo redio, hata ikipona, itakuambia nini? Haijawahi kutangaza kwamba Dani amekunywa uji. Itangoja afe kwanza."

Beldina alikaa kwenye kiti. Miezi mingapi alikuwa ametega sikio, akihangaikia siku ya kuzika, na hajahangaikia siku moja ya kwenda kumwona mzee akiwa anapumua! Alijisikia mzito, kama mtu aliyebeba maji umbali mrefu akafika nyumba isiyo yake. Aliitazama redio ya Zadock. Alitaka kuiomba radhi, akaona haya mbele ya fundi.

"Toa matumbo," akasema. "Kioo kiwe cha kufungua kwa nyuma, mkono wa mteja usiingie."

"Hapo umesema, Mama."

Jumamosi hakuuza. Alivaa nguo ya kawaida, akafunga sukari na majani ya chai, akaenda Asembo. Awuor alimwona tangu langoni, akaangusha ungo. "Woi! Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Hakuna vipi, na umekuja?"

"Nimekuja kumwona mama." Kisha, kwa kuwa kaka yake Obiero naye alikuwa ametoka kusikia, akamwambia hapohapo uani: "Mkitangaza redioni, tangazieni watu wengine. Mimi nitumieni mtu. Hata mgonjwa akizidiwa tu, nitumieni mtu."

Obiero alijikuna shingo. "Tulidhani unasikia."

"Nami nilidhani ninyi mngetuma."

Wakatazamana. Awuor aliokota ungo, akaenda kumletea kigoda.

Ndani, mama yake alimpapasa uso mara mbili, kama anayehakiki bidhaa. "Beldina, nyathina, mwanangu. Mimi bado niko hai."

"Najua, Mama."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimekuja tu."

Mzee alilifikiria jambo hilo. Lilikuwa jipya kwake. "Kesho utakuwepo?"

"Kesho narudi. Mtoto yuko peke yake, na Jumatatu nauza. Nitakuja Jumamosi ya pili."

"Basi itanibidi nisife kabla ya Jumamosi ya pili."

"Jaribu, Mama."

"Nitajaribu. Lakini wewe nawe unaonekana mgonjwa kuliko mimi. Lala hapo."

Beldina alijilaza mkekani kando ya kitanda, viatu bado miguuni, na kabla mama yake hajamaliza kumuuliza habari za Elsie, alikuwa ameshalala.