Mtunza Muda wa Semina ya Nyota

Kwa miaka mingi kazi yangu kanisani ilikuwa kumjulisha mhubiri kwamba muda wake umekwisha. Watu wa ibada ya pili huwa wanasubiri nje, wamevaa vizuri na jua linawaka, kwa hiyo nilisimama karibu na mlango wa nyuma na kuinua kitabu cha nyimbo. Wahubiri wengi walielewa. Wachache walijifunza kutonitazama. Hao niliwaanzishia wimbo, taratibu, kwa sauti ya chini, na waumini, Mungu awabariki, hawakuwahi kuniacha niimbe peke yangu.

Mwaka huu binti yetu alikuja likizo hapa Bagara. Anafanya kazi ng'ambo, kwenye taasisi inayochunguza nyota. Kila Jumatano watafiti wa huko hukaa semina: mmoja anaeleza alichokiona, wengine wanamuuliza maswali mpaka ajute kukiona. Zamu yake iliangukia ndani ya likizo, ikabidi azungumze kupitia kompyuta, sebuleni kwetu.

"Baba, shida yangu ni muda," aliniambia. "Mara ya mwisho mwenyekiti alinizima sauti kabla sijafika kwenye jibu."

"Alikuzima?"

"Kama redio."

Nilimpenda yule mwenyekiti kabla sijamwona.

Lakini safari hii jambo lilikuwa zito. Kati ya wasikilizaji wangekuwepo wale wanaogawa zamu za kutumia darubini kubwa. Nyota anayoichunguza, alinieleza, kwa kweli ni nyota mbili zinazozungukana, na ile hafifu ikipita mbele ya ile angavu, mwanga unapungua kidogo. Alitaka kuzipima tena haraka, kabla hazijasogea upande wa jua na kupotea machoni kwa miezi kadhaa. Asipofikisha hoja yake ndani ya dakika arobaini, zamu ingekwenda kwa mwingine. Mimi kusubiri nimekuzoea. Yeye hajafika huko.

Tulifanya mazoezi siku tatu, yeye akieleza kwa Kiswahili, mimi nikishika saa. Siku ya kwanza alitumia saa nzima na ushee.

"Punguza utangulizi, mama," nilimwambia. "Kitabu cha Mwanzo kimemaliza nyota zote ndani ya mstari mmoja."

"Aliyekiandika hakuulizwa maswali, Baba."

Jumatano ilipofika, mke wangu alikaa barazani kuwazuia wageni wasipige hodi. "Umestaafu," alinitania, "na bado umepata mtu wa kumkatiza."

Nilikaa nyuma ya kompyuta, mahali ambapo watu wa semina hawangeniona, kitabu cha nyimbo kikiwa magotini. Tulikubaliana nikiinue zikibaki dakika tano. Alianza kwa Kiingereza cha kasi, lakini mikono yake niliielewa. Ngumi ya kushoto ilizunguka ngumi ya kulia, polepole, mpaka ikaifunika. Hapo ndipo jambo lenyewe liliponiingia. Hakuna jicho lililowahi kuiona ile nyota ya pili peke yake, na bado mtoto wangu anajua ipo, kwa sababu ya mwanga kidogo uliokosekana. Nikafumba macho kumshukuru Mungu. Nilikuwa na mengi ya kushukuru.

Nilipofumbua, zilibaki dakika mbili.

Nikainua kitabu. Hakunitazama. Nikakipunga. Alikuwa amenogewa kama wale wahubiri wangu, na jibu lilikuwa bado mbali. Mdomo wangu ukaanza wimbo wenyewe, kwa mazoea. Na kule barazani mke wangu, akidhani tumemaliza, akadakia sauti ya pili.

Binti akaiacha sentensi katikati. Kisha akacheka, akaziruka picha nyingi mpaka ya mwisho, na kulisema jibu lake kwa sentensi mbili. Wakapiga makofi. Mwenyekiti akauliza kitu, binti akajibu, wakacheka wote.

"Anasemaje?" nilinong'ona.

"Anauliza walioimba ni nani. Nimemwambia mtunza muda wangu na kwaya yake. Anataka umfundishe."

Maswali yalichukua nusu saa, na yote yalikuwa juu ya zile sentensi mbili, maana hakuna aliyeweza kusema hakuzisikia.

Wiki iliyofuata barua ilifika kwenye simu yake: amepewa darubini siku mbili. Alinisomea akiwa amesimama, kisha akasoma tena.

"Sasa omba kusiwe na mawingu, Baba."

Sijawahi maishani mwangu kumwomba Mungu azuie mawingu. Mahindi yetu kule Mutuka yalikuwa yamefika magotini, na kanisa zima lilikuwa likiomba mvua. Basi niliomba kwa uangalifu. Nilitaja jina la mlima wenye darubini polepole, silabi kwa silabi, kama binti alivyonifundisha, na siku zenyewe nikazitaja mara mbili. Kisha nikaongeza kwamba mawingu yatakayoondolewa kule, kama hayana kazi nyingine, sisi tunayapokea.