Uzi Hauvutwi

Kila Ijumaa karatasi hubandikwa kwenye geti la shule ya binti yangu. Juu yake pamechorwa kichwa cha msichana na jinsi kilivyosukwa: ndiyo modeli ya juma linalofuata. Jumamosi mabinti wa Bukavu hukaa katikati ya magoti ya mama zao, na Jumatatu wanaingia darasani wote kichwa kimoja. Asiyesukwa hunyolewa. Nimekua katika desturi hiyo na sikuwahi kuona ubaya wake, mpaka nilipozaa mtoto asiyevumilia kuguswa kichwa.

Alikuwa na miaka sita, mwaka wa kwanza wa primeri. Lebo ya shati ilimwasha kama upupu, na mvua ikipiga bati alikimbilia chini ya meza. Daktari alitueleza kwamba mguso ambao kwetu ni mwepesi, kwake unaweza kuwa maumivu. Kichwa changu kilielewa. Mikono yangu haikuelewa.

Wanasema mvumilivu hula mbivu. Mimi tangu utoto nakula mbichi. Jumamosi ya kwanza nilimbana magotini nikamchana nywele zikiwa kavu, kuanzia kwenye shina, haraka haraka, kama nilivyochanwa mimi. Alipiga mayowe mpaka jirani akaja uani kwetu.

"Mama, juu ya nini munapiga ule mutoto?"

Nilimjibu kwa hasira kwamba simpigi, namsuka. Akatutazama sisi wawili, akarudi kwake. Nilimaliza mistari minne kati ya kumi, na kabla ya chakula cha jioni mtoto alikuwa ameifumua yote kwa kucha.

Baada ya hapo hakuniruhusu nimkaribie. Wiki tatu zilipita, na nywele zake za kisogoni, zile zinazojikunja zaidi, zikashikamana zikawa bonge moja. Ndipo Ijumaa barua ya shule ikaja: tumepewa juma moja, na Jumatatu baada yake aje amesukwa, ama aje amenyolewa.

Niliazima mashine ya kunyolea. Nilijiambia ni nywele tu, zitaota. Lakini nyuma ya sikio lake la kushoto kuna kishungi kimoja. Pikipiki zikizidi honi, au spika za kanisa zikifunguliwa, hukizungusha kidoleni mpaka pumzi yake itulie. Hana dawa nyingine. Nilipowasha mashine, hakupiga kelele. Alikishika kile kishungi kwa mikono miwili, akasema polepole, "Mama, hii iko yangu." Nikaizima. Aliyelia siku ile ni mimi.

Jumapili nilikaa sebuleni nimenuna, na mama yangu, tunayeishi naye na ambaye binti yangu humwita koko, alikuwa akifumua sweta kuukuu. Huzinunua sokoni, hufumua nyuzi, huziosha, kisha hufuma kofia za watoto kwa ajili ya baridi yetu ya asubuhi. Mafundo ni kazi ya binti yangu. Mtoto huyu asiyetulia mezani dakika tano anaweza kutatua uzi saa nzima. Nikachukua fundo moja nimsaidie, nikavuta. Akanipiga kofi mkononi.

"Usivute! Koko anasemaka uzi haivutwake. Unaanza ku mwisho. Unalegeza. Kisha unapumuzika."

Mama yangu hakuinua hata macho. "Umesikia mwalimu wako."

Nilitazama uzi, nikatazama kichwa chake, na aibu ikanishika. Nikauliza, "Na nywele je?"

Alifikiri sana. "Nywele iko kavu. Uzi koko anaiosha kwanza."

Tukaanza jioni ileile. Beseni la maji ya uvuguvugu, na mafuta. Alinusa pomadi zangu zote akazikataa, akachagua mafuta ya kupikia yasiyo na harufu, yale ninayokaangia ndizi. Masharti aliyaweka yeye: anashika shungi kwa ngumi pale shinani ili mvuto usifike kwenye ngozi, mimi naanza kwenye ncha kwa vidole vyangu, na akisema "basi" mikono yangu inaruka juu. Jioni ya kwanza tulitatua shungi moja, nene kama kidole, na "basi" zilikuwa kumi na moja. Nilitamani kuuma beseni.

Lakini ya pili tulipata mawili. Ya tatu akaimba. Jumamosi lilibaki lile bonge la kisogoni, na lilipofunguka tulikuta ndani yake kipande cha uzi wa buluu. Mama yangu akakichukua akakifuma kwenye kofia. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilikuwa na furaha niliyoikosa tangu mtoto aanze shule.

Mistari hakuitaka. Jumapili tulisokota misokoto minane minene, miwili kwa mkono wake mwenyewe. Jumatatu nilimpeleka hadi getini na Kifaransa changu cha vita nimekiandaa. Mama direktrisi, mkuu wa shule, ambaye hata wazazi hushusha sauti mbele yake, alimtazama.

"Modeli iko mistari. Hii haiko mistari."

Akanyoosha mkono kuelekea kichwani. Kabla sijafungua kinywa, binti yangu alirudi hatua moja, akaweka ngumi shinani.

"Unaombaka kwanza."

Mkono wa mama direktrisi ulibaki hewani. Wasichana waliokuwa nyuma yetu wakasogea waone.

"Naomba niguse?" akasema.

"Kamoja tu. Usivute."

Akagusa ncha ya msokoto mmoja kwa vidole viwili. "Nani alisuka?"

"Miye. Mama alinisaidia."

Misokoto sita ilikuwa ya kwangu, lakini nilimwachia sifa zote.

"Ingia darasani," mama direktrisi akasema.

Nilitaka kupiga vigelegele palepale getini. Nikainama nimbusu utosini, midomo yangu ikakaribia kabisa, kisha nikajizuia.

"Naomba?"

Akafikiri, kidole kikizungusha kile kishungi nyuma ya sikio.

"Mbili," akasema, akainamisha kichwa.