Mhunzi Aliyefungwa Mlandege

Sisi tuliokuwa wadogo Mji Mkongwe wakati intaneti ilipokuwa mahali pa kwenda, si kitu cha kutia mfukoni, tunajuana. Ukisema "nnakwenda intaneti" mtu alikuuliza ya nani, kama unavyoulizwa kinyozi wako ni nani. Yetu ilikuwa Mlandege, juu ya duka la vitambaa: ngazi za mbao, chumba kimoja, kompyuta saba na feni moja iliyomwelekea mwenye intaneti. Mwenyewe akiitwa Salum, kijana mpole aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Chumba kilinuka vumbi lililopata moto, udi uliopanda kutoka dukani chini, na bajia ambazo Salum alikataza zisiliwe karibu na kompyuta, na zililiwa.

Sitaki kudai kwamba utoto wetu ulikuwa bora. Wenzangu wa rika hili hupenda kusema hivyo, nami huwauliza bora kwa kipimo gani. Tulicheza rede mpaka magoti yakachubuka. Tulikula urojo kwenye bakuli zilizosuuzwa katika ndoo moja ya maji tangu mchana. Chuoni, tulikosoma Kurani, tulichapwa kwa makosa ya aliyekaa pembeni yetu. Yote ni kweli, na si yote ninayoyatamani. Ninachokitamani ni kimoja, nacho ni cha ajabu kidogo: kumngoja mtu ambaye hakuwepo.

Mtu huyo alikuwa ndani ya mchezo. Ulikuwa mchezo wa mtandaoni, wa falme, mapanga na mazimwi, ambao katika nchi nyingine watu kwa maelfu waliucheza pamoja. Mtandao wetu ulihitaji dakika kumi kufungua picha moja ya harusi iliyotumwa kutoka Maskati, kwa hiyo Salum alitafuta nakala ya kuungaunga, akaiweka kwenye kompyuta iliyokaa chini ya meza yake. Hiyo tukaiita seva, na zile sita zilizobaki zikaunganishwa nayo kwa nyaya. Dunia nzima ya mchezo ikawa na wakaazi tisa, wote wa Mlandege na Kiponda.

Hadithi yake haikuwa na mwisho. Kila baada ya muda watengenezaji walitoa nyongeza: nchi mpya, maadui wapya, kipande kingine cha hadithi. Nyongeza hizo zilitufikia ndani ya sanduku la shangazi yake Salum, aliyekuja kutoka Maskati kila likizo, diski zikiwa zimelala katikati ya halua na mabuibui ya zawadi. Watoto wa mitaa mingine walimngoja mgeni wa Maskati kwa ajili ya viatu. Sisi tulimngoja ili tujue malkia kafanya nini.

Nilifika pale nyongeza mbili zikiwa zimeshaingia. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, msichana pekee, nikiongozana na kaka yangu Hafidh kwa sharti la mama: tusitoke nyumbani kabla ya kuswali alasiri, na adhana ya magharibi itukute mlangoni. Sheria ya Salum ilikuwa kwamba mgeni huanza mwanzo kabisa. Wenzangu walikuwa wanapigana katika nchi ya barafu, mimi nikapewa fimbo na kijiji, niue panya. Mfalme ambaye wao walishamzika nilimkuta yu hai, tena ananituma.

"Huyu si kafa?" nilimuuliza Hafidh.

"Kwako hajafa. Ua panya."

Jibu hilo halikunitosha na halijanitosha mpaka leo, lakini niliua panya.

Mchezo ulikuwa wa Kiingereza. Mtu yeyote wa humo akikusemesha, maneno yake yalitokea, na chini yake majibu mawili matatu, uchague moja. Wavulana hawakusoma. Walibonyeza la kwanza, chapuchapu, waende wakapigane. Mimi nilisoma yote, kamusi ya skuli ikiwa mapajani, na kama kulikuwa na jibu lenye alama ya kuuliza ndilo nililolichagua. Nilikuwa mtoto wa kuuliza. Mwalimu wa chuoni alishamwambia mama kwamba naulizia hata nukta.

Katika kijiji hicho alikuwapo mhunzi, jina lake Oren. Malkia alimwamuru atengeneze pingu za kuwafungia wakulima, akakataa, akajificha chini ya ghala la nafaka. Mimi nilimpelekea mkate na maji, ilikuwa ni moja ya kazi za mgeni. Nikirudi, nikamkuta mzee mwenye mkongojo amekaa darajani. Akaniita binti, akaniuliza kama najua mhunzi alipo.

Majibu yalikuwa matatu. La kwanza, sijui. La pili, kwa nini unauliza? La tatu, yuko chini ya ghala. Bila shaka nilichagua la pili. Mzee akasema yeye ni baba yake, anaumwa, anataka kumwona mwanawe kabla hajafa. Yakabaki majibu mawili, na kidole changu kikakaa juu ya kipanya muda mrefu. Nyumbani kwetu mtu mzima akikuuliza jambo unalolijua, unajibu. Husemi sijui na wewe unajua, hiyo ndiyo tabia mbaya ya kwanza waliyotukataza, kabla hata ya kuiba. Nikabonyeza: yuko chini ya ghala.

Mzee akasimama, mkongojo akautupa. Alikuwa mpelelezi wa malkia. Askari wakaja, wakamtoa Oren kwa nywele, wakamfunga pingu na kumpeleka gereza la kaskazini.

Wavulana walicheka mpaka Salum akainua kichwa. Ikaonekana kwamba kwao wote tisa, kasoro mimi, Oren alikuwa bado ghalani, mzima, anawanolea mapanga.

"Sie sote tulibonyeza la kwanza," alisema Hafidh.

"Mlijua kuwa yule mzee mwongo?"

"Mzee gani?"

Hawakumsoma hata kidogo. Waliokoa roho ya mtu kwa uvivu, na mimi niliyesoma na kuuliza nikamtia ndani. Nimesoma falsafa chuo kikuu miaka mitatu na sikukutana na mfano ulioniuma kama huo.

Nyumbani alikuwapo Bibi, mama yake baba, aliyekaa dirishani ghorofa ya kwanza akizungumza na Bi Rukia wa dirisha la pili, kwa kuwa kichochoro chetu cha Kiponda ni chembamba, madirisha yanatazamana. Jioni hiyo aliniona nimenuna kwenye kahawa, akataka kujua. Nikamweleza yote. Alisikiliza kama anavyosikiliza habari ya msiba.

"Mzee kakuuliza, ukamjibu," alisema. "Ungemfanyaje? Lakini mtu yumo ndani, mwanangu, na wewe ndiye uliyemsema. Kamtoe."

Akamgeukia Bi Rukia, akampa habari kwamba kuna mhunzi kafungwa bila ya kosa.

Tangu siku hiyo, kila nikirudi kutoka Mlandege, kabla sijavua viatu, aliniuliza swali moja: "Keshatoka yule?" Nami nilimjibu kwa ukweli, kwamba bado. Nikafukuzia levo, ngazi za mchezo, kwa ajili hiyo tu. Katika nyongeza ya kwanza, ya barafu, nilifika gerezani, mlinzi akaniambia mhunzi kahamishwa. Katika nyongeza ya pili, ya visiwa, nilikamatwa na maharamia, na nilipozitazama pingu nilizofungwa nikakuta chapa ya Oren. Walimlazimisha azitengeneze. Nilimpelekea Bibi habari hiyo, hakula chakula chake vizuri. Wenzangu hawakuweza kunisaidia hata kwa kunidokezea, maana kwao gereza lile lilikuwa tupu. Katika Unguja nzima, hadithi ya Oren mfungwa ilikuwa yangu mimi, na ya Bibi, na ya Bi Rukia.

Nyongeza ya tatu ikaja na halua yake. Nilikuwa nimeshawakaribia wenzangu, na baada ya wiki chache nikafika mlango wa chumba alichofungwa Oren. Alikuwa nyuma ya nondo, mzee, mvi tupu. Mlango ulifunguliwa kwa minyororo mitano, ivutwe na watu watano kwa pamoja, hata wasiomwona mfungwa, na adhana ya magharibi ilikuwa inakaribia. Hafidh alisema wenzake watakuja kesho, baada ya alasiri, wavute mara moja wakaendelee na mambo yao. Nikaenda nyumbani.

"Keshatoka?"

"Kesho, Bibi."

Asubuhi umeme ukakatika. Mnaokumbuka mnakumbuka: haukukatika Kiponda wala Mlandege, ulikatika Unguja nzima, na haukurudi jioni, wala wiki ile, wala wiki ya pili. Maji nayo yakakoma kwa sababu pampu zimesimama, tukawa tunapanga ndoo. Bibi alitoa pasi ya mkaa iliyokuwa ikizuia mlango, ikarudi kazini. Sare ya skuli ilinuka moshi. Mji ulijaa ngurumo za jenereta kwa wenye nazo, na samaki waliokuwa kwenye friji wakagawiwa majirani kabla hawajaoza.

Salum alikodi jenereta wiki ya tatu, ya kutolea nakala na kutuma barua pepe tu. Nilimwendea mwenyewe, nikamwomba saa moja ya seva. Akaniuliza ya nini, nikamwambia kuna mtu nnataka kumtoa. Hakucheka. Alisema tuje kesho, watano tu, na tukimaliza tuzime.

Tukaenda. Watano tukaketi, feni imezimwa ili kuibania jenereta. Salum akawasha seva chini ya meza. Skrini ikaonyesha mlango na nondo, na nyuma yake mvi za Oren. Hafidh akaushika mnyororo wake, mwenzake akashika wake, na wa tatu wake. Jenereta nje ikaguna, ikapandisha sauti ghafla, na chini ya meza kikasikika kishindo kidogo kama cha njugu inayopasuka. Skrini zote zikawa nyeusi. Harufu ikafuata, ya plastiki iliyoungua. Salum aliifungua ile kompyuta. Alinionyesha ndani.

Nilirudi nyumbani peke yangu, Hafidh alibaki kumsaidia kuondoa nyaya. Nilizunguka Darajani mara mbili bila ya sababu. Nilipopanda ngazi, Bibi alikuwa dirishani kwake.

"Keshatoka yule?"

Nilikuwa najua jibu, na aliyeniuliza ni mtu mzima.

"Naam, Bibi. Katoka."

"Kamtoa nani?"

"Sote watano."

"Alhamdulillahi," alisema. Kisha akainua sauti kuelekea dirisha la pili: "Bi Rukia. Yule mhunzi katoka." Bi Rukia naye akashukuru. Bibi akanituma nikapepee mkaa.

Umeme uliporudi Salum alinunua kompyuta nyingine, lakini mchezo haukurudi. Diski zilikuwa zimeshakwaruzika, na sisi tulikuwa na mitihani. Bibi alifariki miaka michache baadaye na hakuniuliza tena habari ya Oren hata siku moja.

Sasa Hafidh ana mtoto, Imran, wa miaka kumi na mitatu kama niliyokuwa nayo mimi. Mwezi uliopita nilimkuta sebuleni kwao amelala chali, simu usoni, anacheza mchezo uleule. Bado uko hai, una nyongeza nyingi ambazo sikuzisikia. Nikamuuliza kafika wapi. Akaniambia yuko nyongeza ya mwisho, ameanza wiki iliyopita.

"Wiki moja? Na zile za nyuma?"

"Shangazi, zile unaziruka. Kuna kitufe."

Nilimwomba anipeleke kijijini, kwenye daraja. Alinitazama kama mtu aliyeombwa aonyeshe choo cha shimo, lakini ni mtoto mwenye adabu, akanipeleka. Daraja lilikuwapo, limetengenezwa vizuri zaidi. Mzee hakuwapo. Ghala halikuwapo. Tukatafuta, na Imran akanisomea tangazo la watengenezaji kwamba sehemu ya kwanza ilipunguzwa ili wageni wafike mbele haraka. Mimi ambaye huangalia kila kitu mara mbili nikawa sina tena pa kuangalia.

Hafidh alikuwa amekaa kitini na chai yake. Akacheka kidogo.

"Yule wa Bibi. Siku ile mbona ulimwambia Bibi katoka?"

"Ulijuaje?"

"Bibi aliniambia mwenyewe usiku ule. Kabla ya hapo, wewe ukiwa bado hujafika, mimi nilipita nyumbani mbio kuchukua bisibisi ya baba. Nikamwambia kompyuta imeungua, mhunzi ndiyo basi tena, na wewe unalia njiani."

Nilimwambia sikulia. Halafu nikaipanga upya jioni ile. Bibi alijua. Alijua alipouliza, na alijua alipomwita Bi Rukia. Aliuliza ya nini, basi? Nimelizungusha swali hilo mwezi mzima, na kwa mara ya kwanza sioni kama nna haja ya jibu.

Sisi tulikuwa na dunia ya watu tisa, saa mbili kwa siku, na mlango mmoja uliohitaji mikono mitano. Imran ana dunia ya mamilioni na kitufe cha kuruka. Anafika mbali kuliko nilivyofika mimi, hilo halina ubishi. Ila kule alikofika sijaona mtu anayemngoja, wala nyumbani hakuna anayemuuliza nani katoka.

Alikuwa amesharudi kwenye vita vyake, vidole vinakimbia, mara akasimamisha.

"Kwa hiyo Shangazi, huyo mtu alitoka au hakutoka?"

Hafidh akaweka kikombe chini, akanitazama.

"Katoka," nilimwambia. "Muulize baba yako. Alikuwapo."